Nikifuata maji baridi: shajara ya msimu wangu wa kwanza wa trauti wa vijito, Vermont, Marekani

8 Aprili 2024, Winooski

Leo jua limepatwa kabisa juu yetu, saa tisa na nusu kasoro alasiri. Mtaa mzima ulikuwa nje, ndege wakanyamaza, baridi ikashuka ghafla. Nimerudi ndani na miwani ya karatasi bado mfukoni, nikapanga mezani vifaa nilivyonunua wiki iliyopita. Ndugu kadhaa kanisani wameniuliza namna ya kuanza kuvua huku, na mimi mwenyewe bado sijui. Kwa hiyo nitaandika ninachojaribu, ninachokosea na ninachotumia, ili anayekuja nyuma yangu asianze gizani.

Nilizaliwa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, nikakulia Nyarugusu, Kigoma. Kwetu kuvua ni kazi ya usiku: karabai, wavu, ndagala, na mgebuka ukibahatika. Hapa Ziwa Champlain liko karibu na lina samaki, lakini ninayemtaka yuko milimani, kwenye vijito unavyoweza kuvivuka kwa hatua tatu. Wenyeji humwita bruki. Mimi namwita trauti wa vijito. Trauti wa kahawia waliletwa Marekani kutoka Ulaya mwaka 1883, wale wa upinde wa mvua wakaletwa kutoka pwani ya Pasifiki. Bruki hakuletwa na mtu. Alikuwa humu tangu barafu kuu ilipoyeyuka, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumpenda.

Matumizi hadi leo: leseni ya mwaka dola 28, fimbo ya futi sita yenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) dola 40, ndoana namba 4 na machubwi na maboya dola 11, buti za mpira dola 32. Jumla dola 111.

13 na 20 Aprili

Msimu wa kuchukua trauti Vermont huanza Jumamosi ya pili ya Aprili na kwisha tarehe 31 Oktoba. Jumamosi zote mbili nimekwenda Mto Huntington, sehemu ya chini, karibu na barabara. Sikupata samaki hata mmoja.

Theluji ya mlimani inayeyuka, mto umejaa, na maji yanauma vidole kama moto. Nilivua kama mtu wa ziwa: mshipi mnene, machubwi mawili mazito, ndoana kubwa, chambo kitupwe mbali kizame chini. Mto huu chini yake ni mawe matupu. Kila nilipotupa ilinasa, nikakata. Ndoana tisa zimebaki humo.

Onyo kwa atakayefuata njia hii: kuna korongo la Huntington, upande wa Richmond, panapopendeza sana kwa macho na ambapo waogeleaji wengi wamekufa. Maji yakijaa, usisogee pale hata kwa picha.

4 Mei

Nimepanda juu, nikaacha mto na kuingia kijito kimojawapo kinachoshuka kutoka upande wa mlima Camel's Hump. Msitu mnene, misonobari imeinama juu ya maji, mawe yamevaa kuvu la kijani.

Kabla ya kuingia nilisimama barabarani karibu nusu saa kwa woga. Mtu mweusi anayetembea peke yake kwenye msitu wa mtu asiyemjua huwaza mengi. Nilichojifunza baadaye, na ambacho ningependa kila ndugu akijue: Katiba ya Vermont tangu mwaka 1777 inawapa wakazi wake uhuru wa kuwinda kwenye ardhi isiyozungushiwa, na kuvua kwenye maji yasiyo mali ya mtu binafsi. Mwenye shamba akitaka kukataza, anaweka mabango, mara nyingi ya manjano, kwenye miti ya mipaka yake. Ukiona bango, rudi au kabishe hodi uombe. Mimi nilibisha nyumba moja. Mama mmoja mzee akaniambia nipite tu, nifunge lango la ng'ombe nyuma yangu.

Samaki sikupata, lakini safari hii niliwaona. Nilipofika ukingoni vivuli vitatu vilitimka kutoka katikati ya kilindi, vikaingia chini ya mwamba. Kwenye kilindi cha pili ikawa hivyohivyo. Cha tatu pia. Nilikaa mbele ya maji yale saa moja nzima nikitupa chambo, na hakuna aliyetoka.

18 Mei

Leo nimempata bruki wa kwanza, na sifa ni za Baba mdogo.

Amevua Baraka zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kuvua kijito. Nilimchukua ili atembee tu. Tulipofika hakugusa fimbo. Alikaa juu ya gogo, mbali na maji, akatazama. Mimi nikaanza kutupa.

"Mwanangu," akaniita baada ya muda, "hilo koti lako ni la rangi gani?"

"Jekundu, Baba."

"Na samaki anaangalia wapi?"

Sikujua. Akanionyesha kwa kidole. Bruki hukaa amekabili mkondo, kichwa upande wa juu wa kijito, mkia upande wa chini, kwa sababu chakula chake kinaletwa na maji. Mimi nilikuwa nikishuka kutoka juu, nikimjia usoni, nimesimama wima, na koti jekundu.

"Ziwani tunamfuata usiku, naye anaifuata taa. Huyu anakuona mchana kabla wewe hujamwona. Shuka chini, mzunguke, umjie mgongoni. Na hayo machuma toa."

Nilivua koti, nikabaki na shati la kijivu. Tulishuka hatua mia, tukaanza kupanda tena tukitokea chini. Nikatoa machubwi yote. Nikafunga ndoana ndogo, namba 10 (namba ikipanda ndoana inapungua, jambo lililonichanganya dukani), nikaweka kipande cha nyungunyungu kisichozidi kucha. Nilipiga magoti nyuma ya mwamba na kurusha mita mbili tu, pale maji yanapoanguka kutoka kilindi cha juu. Chambo kikabebwa na maji chenyewe. Mshipi ukasimama.

Alikuwa na urefu wa kiganja changu na vidole. Mgongo wa kijani kilichoiva, umechorwa mistari iliyopindapinda kama njia za mchwa kwenye ubao. Ubavuni ana madoa ya manjano, na katikati yake vidoa vyekundu, kila kimoja kimezungushiwa duara la buluu. Mapezi ya tumboni ni ya rangi ya chungwa, na ukingo wake wa mbele ni mweupe kabisa, kama umepakwa chokaa. Huo mstari mweupe ndio wa kumtambua akiwa majini. Baba mdogo alimshika kwa mikono iliyolowa, akamtazama muda mrefu, akasema hajawahi kuona samaki aliyevaa namna hiyo. Akamrudisha mwenyewe.

Jumla ya siku: wanne. Kupe: wawili, mmoja kwangu, mmoja kwa Baba mdogo. Kupe wa huku huleta ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo ingiza suruali ndani ya soksi na mjikague mwili mzima mkirudi. Nao inzi weusi wa Mei wanauma hadi damu. Dawa ya kupaka si anasa.

1 na 8 Juni

Hapa kuna kosa ambalo limeniuma kuliko mengine, nami naliandika lote.

Tarehe 1 nilipata samaki tisa kwa nyungunyungu. Wanne kati yao walikuwa wamemeza ndoana hadi kooni. Nilijitahidi kuitoa, nikapasua matamvua, na watatu wakafa mkononi mwangu. Mmoja hakufika hata urefu wa kidole changu cha kati. Bruki wa vijito hivi hawaishi miaka mingi. Wengi hawavuki mitatu au minne, na aliyefikisha sentimita 20 ni mzee wa kijiji. Kuua watoto kwa uzembe ni kukiangamiza kijito.

Nilichobadilisha, kwa mpangilio wa kilivyonisaidia:

Kwanza, kuminya kile kijino cha ndoana kwa koleo (dola 6) hadi kilale. Ndoana inatoka kwa kusukuma kidogo tu. Nilidhani nitapoteza samaki wengi, lakini waliochomoka ni wachache.

Pili, kwa ndoana iliyomezwa, usichimbe. Kata mshipi karibu na mdomo na umwachie. Ana nafasi ya kupona, kuliko akichimbwa.

Tatu, kuacha nyungunyungu kabisa na kutumia nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Samaki hanogewi na manyoya, anayatema mara moja, kwa hiyo ndoana hushika mdomoni na si kooni.

Ili kurusha nzi bandia nimenunua fimbo ya Kijapani iitwayo tenkara, dola 70. Haina rili. Ni fimbo ndefu, nyepesi, inayojikunja ndani yake kama miwa iliyopachikwa, na mshipi umefungwa kwenye ncha. Nilipoifungua sebuleni nilicheka kwa furaha, maana ni ule mwanzi wetu wa utotoni, umesafiri ukarudi. Nikasema nimefika.

Sikuwa nimefika. Tarehe 8 nilipoteza nzi saba kwenye matawi, kila mmoja dola 2.50. Mshipi niliopewa dukani ulikuwa mrefu kuliko fimbo, na kwenye handaki la misonobari hakuna nafasi ya kuzungusha mkono. Suluhisho lilichukua siku nzima: kata mshipi uwe mfupi kuliko fimbo kwa kama urefu wa mkono. Mahali pasipo nafasi kabisa, shika nzi kwa vidole viwili kwenye mkunjo wa ndoana, vuta fimbo ijipinde kama upinde, kisha achia. Nzi anakwenda moja kwa moja chini ya matawi. Shika mkunjo, usishike ncha. Kidole changu cha shahada kinajua tofauti.

15 na 22 Juni

Hii ndiyo sehemu ninayotaka isomwe kuliko zote.

Tarehe 15 nilipata sita, nikaona nimeweza. Wiki iliyofuata likaja joto, siku tatu mfululizo, Burlington ikakaribia nyuzi 35. Jumamosi ya tarehe 22 nikaenda kwenye vilindi vyangu vilevile, kwa shati lilelile la kijivu, nikitokea chini, kwa magoti. Saa tatu nzima sikuona hata kivuli.

Nilikuwa na kipimajoto cha dola 12 nilichokinunua bila kujua nitakifanyia nini hasa. Nikakifunga kwenye kamba na kuanza kupima kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Mto Huntington pale chini, saa sita mchana: nyuzi 22.5. Kijito changu, kwenye vilindi vya mwezi Mei: 19. Bruki hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 16. Yakifika 20 anataabika, maana maji moto hushika hewa kidogo, na yakikaribia 25 anakufa. Kwa hiyo walikuwa hawakunikimbia mimi. Walikuwa wamehama.

Nikapanda. Kila hatua mia nilipima: 19, 18.5, 18.5, 18. Kisha upande wa kushoto, palipokuwa na kijimfereji nilichokiruka mara nne mwezi uliopita bila kukitazama, kipimajoto kikaonyesha 13.5. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mizizi ya msonobari, chemchemi, upana wake mkono mmoja. Pale yanapoingia kijitoni, kwenye eneo lisilozidi ukubwa wa meza yetu ya kulia, bruki walikuwa wamejipanga kama waumini, vichwa vyote kuelekea kwenye lile tone la baridi. Nilihesabu kumi na mmoja, nikaacha kuhesabu.

Jina la kisayansi la bruki ni Salvelinus fontinalis. Neno la pili linatokana na neno la Kilatini la chemchemi. Nilikuwa nimelisoma tangu Aprili.

Sikurusha. Samaki aliyebanwa na joto ukimpiganisha, hata ukimwachia, anaweza kufa baadaye usimwone. Nilikaa juu ya jiwe nikawatazama mpaka inzi waliponishinda. Tangu siku hiyo sheria yangu ni hii: kipimajoto kwanza, fimbo baadaye. Nyuzi 19 au zaidi (karibu 66 kwa vipimo vya Kimarekani), fimbo haifunguliwi. Na ramani yangu ya kijito, niliyoichora kwenye daftari, haina alama za samaki. Ina namba za joto.

13 na 27 Julai

Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 mvua kubwa ilileta mafuriko, mwaka mmoja kamili baada ya yale ya Julai 2023 yaliyoizamisha Montpelier, mji mkuu wa Vermont. Watu wamepoteza nyumba na barabara. Ninaandika habari za samaki nikijua hilo.

Tarehe 13 nilikwenda kuona tu. Daraja dogo la kuingilia lilikuwa limekatika, nikarudi. Tarehe 27 nilifika kwa njia ya juu. Vilindi viwili vimefukiwa kabisa na changarawe. Kile cha Baba mdogo kimehamia ng'ambo, na mwamba niliojificha nyuma yake sasa uko nchi kavu. Nusu ya ramani yangu imefutika.

Ila chemchemi iko palepale, nyuzi 13. Na msonobari mkubwa umeangukia kijito, umelala kukivuka, na nyuma yake maji yamechimba kilindi kipya kinachofika kiunoni. Nilipata wanne mle, wote chini ya gogo. Mara ya kwanza nilifikiri kuomba msaada tuliondoe. Sikujua kwamba kwa bruki gogo ni nyumba: linatoa kivuli, linakamata majani ambayo wadudu hula, na linapunguza kasi ya maji. Kaskazini-mashariki mwa Vermont wahifadhi wamekuwa wakiangusha miti mitoni kwa makusudi, kwa sababu misitu iliyokatwa karne ya 19 iliacha vijito bila magogo. Baada ya dhoruba Irene ya mwaka 2011 matingatinga yaliingia mitoni kunyoosha na kusafisha, na samaki waliumia kwa usafi huo. Nimeliacha gogo.

17 Agosti

Nyuzi 18.5 saa kumi na mbili asubuhi, 19 saa tatu. Nilivua kwa saa mbili, nikapata wawili, nikafunga.

14 na 28 Septemba

Usiku umeanza baridi na kijito kimerudi nyuzi 12 kila mahali. Wametawanyika tena. Tarehe 14 nilipata kumi na saba, siku yangu bora, wote kwa nzi mmoja wa manyoya ya elki (kulungu mkubwa), namba 14, anayeelea. Alipochakaa hadi kubaki nusu, bado walimpiga.

Tarehe 28 nilichukua wawili, wa sentimita 19 na 20, kwa mara ya kwanza. Sheria inaruhusu zaidi. Kijito hiki, kwa macho yangu, hakiruhusu. Nilitaka Baba mdogo awaonje.

Tulikosea kwanza. Tulitaka kuwakaanga kama migebuka, mafuta mengi na moto mkali, na wa kwanza akasambaratika kwenye kikaango. Nyama yake ni laini mno. Wa pili tulimpaka chumvi na ndimu, tukamfunga kwenye karatasi ya alumini pamoja na kitunguu na nyanya, dakika kumi na mbili kwenye oveni. Magamba yake ni madogo sana, hakuna haja ya kuparua. Nyama imegeuka rangi ya chungwa hafifu. Tulikula kwa bugali, sahani moja, watu wanne, kila mmoja matonge mawili.

"Hana mafuta ya mgebuka," Baba mdogo akasema, akilamba kidole. "Lakini ni mtamu kama maji ya asubuhi."

19 Oktoba

Majani yameanguka. Nilikwenda nikitegemea siku kama ya Septemba, nikaingia majini kuvuka, na katikati nikaona nimekosea. Mbele ya buti langu palikuwa na sehemu ya changarawe iliyosafishwa, nyeupe kuliko nyingine, duara la ukubwa wa sinia. Dume mwenye tumbo jekundu kama kaa la moto alikuwa akimfukuza mwenzake juu yake.

Bruki hutaga Oktoba na Novemba, kwenye changarawe ambamo maji ya chini ya ardhi yanapenya kwenda juu. Jike huchimba kwa mkia, hutaga, hufukia, na mayai hukaa humo majira yote ya baridi. Mguu mmoja unatosha kuyaponda. Nilirudi kinyumenyume kwa alama za hatua zangu mwenyewe, nikatoka. Kisheria bado zimebaki siku kumi na mbili. Nimeweka fimbo.

Viota nilivyoviona kutoka ukingoni ni vitano. Vitatu viko chini kidogo ya chemchemi.

2 Novemba

Hesabu ya msimu, safari kumi na nne. Vifaa vya mwanzo na leseni dola 111, tenkara 70, koleo 6, kipimajoto 12, nzi bandia kumi na wanane 45, petroli takriban 84. Jumla dola 328. Fimbo ya kwanza na machubwi, dola 51, sikuvihitaji. Nimempa kijana wa jirani anayevua chini ya bwawa la Winooski, na huko vinafaa. Atakayeanza upya anunue leseni, buti, tenkara, koleo, nzi sita na kipimajoto. Pesa zikipungua, tenkara isubiri, mwanzi wowote wa mita tatu utatosha mwanzoni. Kipimajoto kisisubiri.

Baba mdogo ameanza kufunga nzi mwenyewe mezani, kwa manyoya ya kuku na uzi wa cherehani. Watatu wa kwanza wamefunguka wakiloweshwa tu, kwa sababu hakuwa anafunga fundo la mwisho mara mbili. Wa nne amelala kwenye glasi ya maji tangu juzi, na bado ameshika.